Kibali cha Kwale Kumi

Shemeji yangu Antipasi Mughwai aliendesha greda la barabara miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo sikumsikia akilalamika hata mara moja. Jua la mbugani, matope, kulala kwenye hema wiki tatu mfululizo, greda kuzimika katikati ya pori na fundi kuchelewa siku nne, yote alitusimulia akicheka. Malalamiko yalianza alipostaafu, na yaliletwa na kwale.

Enzi za greda, asubuhi akiamka alikuwa anawakuta kwale barabarani, wanatembea juu ya udongo aliouchimbua jana yake, wanadonoa mbegu na wadudu. Msimamizi wao, mzee mmoja aliyeitwa Eliya, alikuwa na bunduki ya marisau na karatasi zake zote. Jumamosi alikuwa anapiga wawili au watatu, wanaingia kwenye sufuria ya kambi. Antipasi aliona raha ile akajiwekea nadhiri: siku nikistaafu na mimi nitakuwa na bunduki yangu, yenye leseni, niwinde kwale kama mtu, si kama mwizi.

Kuipata bunduki kulichukua miaka miwili. Kamati ya kijiji ikamjadili, ya kata ikamjadili, ya wilaya ikamjadili. Akatoa alama za vidole, akapimwa macho, akaulizwa kama ana ugomvi na jirani yeyote. Dada yangu Theresia, ambaye ndiye mkewe, alisema hata wazee wetu walipokuwa wanamchunguza kama anafaa kumwoa, hawakumpekua namna ile.

Mwezi wa kumi akafuata kibali cha kuwinda. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa sababu nina pikipiki na yeye, mtu aliyekaa juu ya greda miongo mitatu, anaogopa kuendesha pikipiki. Kijana wa ofisi ya wanyamapori akamwandikia vizuri: kwale kumi, kanga wanne, mwisho tarehe thelathini na moja Desemba, ndani ya mkoa, katika maeneo ya wazi.

"Maeneo ya wazi ndiyo yapi?" Antipasi akauliza.

"Ni yale ambayo si hifadhi, mzee, wala si msitu wa kijiji, wala si shamba la mtu, wala si karibu na makazi."

"Sawa. Nitajie moja."

Kijana akatazama ramani iliyobandikwa ukutani. Akaitazama muda mrefu. "Mzee wangu," akasema, "mimi kazi yangu ni kutoa kibali. Mahali unatafuta mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi Misigiri, Antipasi alikuwa anaongea nyuma ya mgongo wangu. Mtu anakupa ruhusa ya kwenda, hakwambii wapi! Ni kama kumpa mtu ufunguo usio na mlango! Upepo ulikuwa unameza nusu ya maneno, na mimi nilikuwa naitikia tu, "Kweli, shemeji. Kweli."

Mahali pa kwanza palipomjia ni kwao. Amezaliwa Ihanja, huko Ikungi, kwa Wanyaturu. Huku Misigiri amejenga kwa sababu ya dada yangu, maana sisi ni Wanyiramba wa hapa. Utotoni alitega kwale Ihanja kwa vitanzi vya singa za mkia wa ng'ombe, kwenye bonde lililokuwa na mininga na nyasi za kufika kiunoni. Akaniambia tutakwenda siku mbili, tutalala kwa binamu yake, na tutarudi na kwale wa kugawia majirani. Tukaondoka alfajiri, bunduki imefungwa kwenye kipande cha turubai.

Lile bonde lilikuwepo. Mininga haikuwepo, wala nyasi. Toka kilima hadi kilima ni mashamba ya alizeti, yamelimwa tayari, mekundu, yanangoja mvua. Antipasi alisimama pembezoni akazungusha macho kama mtu aliyeingia nyumba ambayo siyo.

"Twende juu kidogo," akasema. "Kule juu walikuwa wengi zaidi."

Tukaacha pikipiki, tukapanda. Akaifungua bunduki. Kule juu kulikuwa na ng'ombe wachache na mama mmoja anayewachunga. Alipotuona, hakusubiri salamu. Alipiga yowe ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yananiwasha. Hatukujua kwamba wiki mbili nyuma wezi walikuwa wamekuja na gobore wakaswaga ng'ombe kumi na saba upande uleule.

Sijui watu wale walitoka wapi. Nchi iliyokuwa tupu ikajaa watu: fimbo, mapanga, wawili wana upinde. Mimi nilinyoosha mikono juu kabla hata sijaambiwa. Antipasi aliweka bunduki chini taratibu, akarudi hatua tano, kisha akaanza kuongea Kinyaturu kwa sauti kubwa, jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake. Mzee mmoja aliyekuwa anahema, aliyechelewa kufika kwa sababu ya umri, akawasukuma vijana akapita mbele. Aliitwa Alute.

"Mughwai yupi? Yule wa kisimani, aliyekuwa anachechemea?"

"Ndiye baba yangu."

"Na wewe ndiye yule wa magreda?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una akili wewe? Unapita na bunduki kwenye ng'ombe za watu hujapiga hodi kwa mtendaji?"

Walitupeleka ofisi ya kijiji, kundi zima nyuma yetu. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri, mtendaji akipiga simu kuhakiki kibali na namba ya bunduki. Aliporidhika alitupa maji ya kunywa, akaomba radhi, halafu akasema, "Lakini hapa kwetu, mzee, eneo la wazi hakuna. Kila mti una mwenyewe."

Antipasi akanyoosha kidole dirishani. "Mimi nimezaliwa pale, nyuma ya ule mkuyu."

"Na ule una mwenyewe," akasema mtendaji.

Kwa binamu hatukulala. Antipasi alitaka kurudi siku hiyohiyo, na njiani hakulalamika kabisa, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko kelele zake.

Kwa majuma mawili akawa mtu wa kuulizauliza. Alimuuliza dereva wa lori la mkaa, akawauliza warina asali, akauliza mpaka mnadani. Kila mtu alikuwa na mahali pa kumwambia, na kila mahali palikuwa na doa. Pori fulani limekuwa msitu wa kijiji, ukiingia na panga tu unalipishwa faini. Pori jingine lina mizinga ya kikundi cha akina mama, hawataki mlio wowote. Jingine liligawiwa vijana mwaka juzi. Akirudi nyumbani anamwaga yote kwa Theresia.

"Nchi hii ni kubwa, mke wangu! Nimeikata mimi na greda, naijua! Haiwezekani kusiwe na mahali pa kupiga ndege mmoja!"

"Kuku wamejaa uani," Theresia anamjibu, anachambua mchele. "Chagua jogoo, mpige na hiyo bunduki yako, nipike."

Ndipo mtu mmoja akamwambia kuhusu Sekenke. Chini ya mteremko wa pale, alisema, kuna vichaka vya miiba ambavyo hakuna anayelima, maana ni mawe matupu, na kwale wanalia asubuhi mpaka wanakera. Safari hii Antipasi alikuwa amejifunza. Tulipita kwanza kwa mwenyekiti wa eneo, tukaonyesha kibali, tukaandikwa kwenye daftari la wageni. Mwenyekiti akasema ni sawa, ila tuwe waangalifu na wachimbaji wa dhahabu.

"Wachimbaji wako wapi?" nikauliza.

"Wako huko na huko," akasema.

Kesho yake tulifika kunapambazuka. Na ni kweli, kwale walikuwa wanalia. Nilimtazama shemeji yangu, nikaona uso wake umelegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akaingiza risasi mbili. Tukatembea, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma kama alivyoniagiza. Mbele yetu kulikuwa na rundo la mawe na kichaka kidogo nyuma yake. Kwale alilia palepale nyuma ya kichaka, karibu kabisa. Matawi yakatikisika. Antipasi akanyanyua bunduki.

Kilichochomoza ni kichwa cha mtu.

Kilitoka ardhini, kimejaa vumbi jeupe mpaka kope, na taa ya tochi imefungwa kwenye paji la uso. Kilituangalia. Nyuma ya kichwa hicho, kwale wawili waliruka wakaenda zao.

Antipasi alikwisha kuishusha bunduki. Alifungua mtutu, akatoa risasi, ya kwanza ikamponyoka, ya pili ikamponyoka.

"Wazee, shikamooni," kile kichwa kikasema. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, anatoka kwenye shimo lake. "Mmepotea?"

"Tunatafuta kwale," nikamjibu mimi, maana Antipasi alikuwa ameinama anaokota risasi.

"Kwale?" Akacheka, meno yakaonekana ndani ya lile vumbi. "Hapa pana mashimo mia mbili na kila shimo lina watu wa kula. Waliobaki ni hao wawili, na wenyewe wajanja."

Yule bwana hakujua chochote. Alikung'uta vumbi, akachukua dumu la maji, akaenda zake. Antipasi alikaa kwenye jiwe mpaka jua likawa kali. Aliponyanyuka alisema neno moja tu: "Turudi." Nyumbani aliifungia bunduki kabatini, akampa Theresia ufunguo. Hakueleza kwa nini. Mimi ndiye niliyemweleza dada ule mkasa.

Mvua zikaja mwanzoni mwa Desemba. Antipasi alilima uwele wake kimyakimya na sisi tukadhani basi, biashara ya kwale imekwisha. Mpaka siku Theresia aliporudi kutoka mashine ya kusaga akiwa na unga kichwani na hasira usoni.

"Huko kote mnazunguka," alituambia, "na kumbe kwa Severina kwale wamefukua karanga zote. Kapanda mara mbili. Analia mpaka mashineni."

"Severina yupi?" Antipasi akauliza.

"Mjane wa marehemu Paschal. Pale juu, nyuma ya josho. Nusu saa kwa miguu!"

Antipasi alifumba macho. "Nusu saa," akasema. "Nimetembea mkoa mzima. Nimekoswakoswa na mishale. Nusu saa!"

Severina ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, na akianza kuongea hana nukta. Tulimkuta ameshika jembe, anatuonyesha mashimo madogomadogo kwenye tuta, moja moja, kama vile sisi ndio tuliofukua. Kwale walikuwa wanakuja alfajiri, wanafuata mstari aliopanda, shimo baada ya shimo, wanatoa karanga kama mtu aliyeonyeshwa. Mchana wanarudi kujificha kwenye kichaka kilichokuwa pembeni ya shamba, kipande cha ekari moja hivi, kimefungamana na miiba.

"Kesho nakichoma," alisema. "Nishaomba kaa la moto kwa jirani. Kikiisha kichaka, na wao wameisha."

"Usichome," Antipasi akasema haraka. "Mimi nina bunduki na kibali. Nitakupunguzia."

Severina alimwangalia kwa makini. "Wewe si ndiye mwenye greda?"

"Nimestaafu."

"Ndiye wewe. Ulipopitisha ile barabara ya kule nyuma, mimi nilikuwa nimeolewa mwaka huo. Kulikuwa na pori toka hapa mpaka kule unakoona mnara wa simu. Kwale walikuwa huko na mambo yao, hatukujua hata wanakula nini. Ulipopita wewe, wakapita wa mbao, wakapita wa mkaa, wakapita wa kulima. Sasa kwale wote wa Misigiri wamehamia kwenye kile kichaka changu, na chakula chao ni karanga zangu. Halafu unaniambia nisichome!"

Antipasi alisimama anaangalia kile kichaka, na mimi nikaangalia pembeni, kwa sababu maneno yale niliona yamempata mahali ambapo risasi haifiki.

"Nipe siku tatu," akasema mwishowe.

Siku tatu zikawa kumi na mbili. Kwa mkasa wa Sekenke hakutaka kufyatua risasi bila watu wote kujua, kwa hiyo alikwenda kwa Peniel, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Peniel ni mtu anayependa vikao. Akasema jambo la bunduki haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja, tuite kikao. Kikao cha kwanza akidi haikutimia kwa sababu ya mvua. Cha pili kiliangukia mkesha wa Krismasi. Cha tatu kilifanyika tarehe ishirini na tisa, na saa nzima ilipotea watu wakibishana kama kwale aliyekula karanga za Severina ni wa Severina au ni wa serikali. Antipasi alikuwa amekaa pale mbele na kibali mkononi, anakikunja na kukikunjua. Mwishowe wakakubali: asubuhi ya tarehe thelathini na moja, saa kumi na mbili mpaka saa mbili, na watoto wote wabaki majumbani.

Siku hiyo mvua ilinyesha toka saa kumi na mbili kasoro robo.

Tulisimama chini ya paa la jiko la Severina, yeye anatuchekea, anakoroga uji. Saa moja na nusu mvua ikakatika. Antipasi aliingia shambani, akasimama kwenye tuta akiwa ameupa mgongo upande wa nyumba, kama alivyopanga. Kwale wakatoka. Walitoka wengi, wananyata, vichwa chini, na mimi niliyekuwa nimechoshwa na habari zao kwa miezi mitatu nilijikuta nimeshika pumzi. Alipiga mara mbili. Akapata watatu, maana wawili walikuwa wamesimama pamoja. Wengine wote waliruka wakazama kichakani, na ilipotimu saa mbili hakuna hata mmoja aliyerudi. Antipasi alifungua bunduki, akatoa maganda ya risasi, na muda aliopewa ukaisha, siku ya mwisho ya kibali chake, akiwa amesimama palepale kwenye matope.

Mmoja alimpa Severina. Severina alimpokea, akampima uzito kwa mkono.

"Watatu," akasema. "Na waliobaki je? Kesho napanda tena, na kesho wewe huna ruhusa. Nachoma."

"Severina, nakuomba. Hicho kichaka ndicho kilichobaki."

"Kwako kimebaki. Kwangu kinanimaliza."

Wakabishana mpaka uji ukapoa. Antipasi alisema ataweka uzio wa miiba, Severina akasema kwale anapita chini. Alisema atanunua mbegu nyingine, Severina akasema hata hizo zitaliwa. Mwisho, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa na dunia, Antipasi akasema, "Basi nitakuja kuwafukuza mimi mwenyewe. Kila alfajiri, mpaka karanga zichipue."

"Kila alfajiri?"

"Kila alfajiri."

"Na mwakani nikipanda?"

"Na mwakani."

Severina akampa debe tupu na fimbo.

Ndivyo ilivyokuwa Januari yote. Saa kumi na moja na nusu shemeji yangu anatoka na koti lake la mvua la kazini, la rangi ya chungwa, anazunguka matuta ya karanga za mtu mwingine anagonga debe, anawatukana kwale kwa Kinyaturu. Watu waliokuwa wanakwenda shambani walikuwa wanasimama kumwangalia. Theresia alisema amestaafu serikalini ameajiriwa na Severina, na bila mshahara. Wiki ya pili alimfuata kimyakimya, nadhani alikuwa na mashaka yake kuhusu mjane. Aliwakuta wanagombana. Antipasi anasema Severina amepanda karibu mno na kichaka, Severina anamwambia aliyezoea barabara asimfundishe kilimo. Dada yangu aligeuza akarudi nyumbani ametulia.

Severina alipanda tuta baada ya tuta, kwa hiyo karanga zilimaliza kuchipua mwishoni mwa mwezi, karibu zote. Nilimpitia asubuhi ile nikamkuta amekaa kwenye kigogo pembeni ya kichaka, debe liko chini, buti zimejaa matope. Nikamuuliza kama sasa ameridhika.

"Kuridhika na nini?" akafoka. "Nimetumia mwaka wa kwanza wa bunduki yangu kufukuza ndege! Peniel anasema mwaka huu kikao kianze mwezi wa nane! Severina anataka kupanda na choroko, na choroko ndiyo wanayoipenda zaidi!"

Akaendelea kulalamika, na alikuwa bado analalamika wakati kwale mmoja alipotoka kwenye miiba na vifaranga vyake, sita au saba, wadogo kama mayai yanayotembea. Antipasi akanishika mkono ili nisisogee. Walivuka mbele yetu, wakapita kwenye tuta bila kugusa mche hata mmoja, wakaingia kwenye nyasi upande wa pili.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Umewaona walivyo na dharau?"